Gesi Imeisha

Ukitaka kujua mtaa wenu una mafundi wangapi, ngoja friji lako liache kugandisha. Kabla maji hayajafika koridoni watakuwa wamejaa: dereva wa bodaboda, mkaanga chipsi, mama wa genge, kijana anayetengeneza simu pale kona, na mzee mmoja mstaafu wa bandarini ambaye hawezi kulitamka neno kompresa bila kwanza kuvua kofia. Mmoja mmoja atafungua mlango, ataingiza mkono, atautuliza humo huku macho ameyaelekeza darini, kisha atasema yale yale aliyosema mwenzake: gesi imeisha.

Hukumu hiyo haina rufaa. Friji likivuja maji, gesi imeisha. Likinguruma usiku kucha, gesi imeisha. Mlango ukigoma kufunga, gesi imeisha. Kuna wakati taa ya ndani iliungua, kile kitaa kidogo cha kufungua na kufunga kwa vidole, na mkaanga chipsi akanivuta pembeni kwa upole wa mtu anayeleta habari za msiba. "Mama," akasema, "hiyo ni gesi."

Naishi Temeke, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, korido moja, luku moja na friji moja. Friji ni letu, mimi na baba watoto. Luku ni ya wote. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, maana kanuni ya nyumba inasema mwenye friji anaongeza kwenye mchango wa umeme. Sina kinyongo na kuongeza. Ninachodai ni hesabu. Pasi ya umeme inakula wati 1,000, nyingine hata zaidi. Friji la ukubwa wa letu, kompresa ikizunguka, linakula kama wati 100 hivi, tena halizunguki muda wote. Mpangaji wa chumba cha mbele ananyoosha nguo kila asubuhi, suruali, shati, leso, hata soksi, na hakuna aliyewahi kumwongezea senti. Sababu naijua: pasi haingurumi. Katika nyumba ya kupanga kinacholipa ni kinachosikika.

Na hao wanaonitoza, hebu fungua mlango uone vyao. Rafu ya juu ni chupa za maji za huyo huyo wa pasi, kila moja imeandikwa jina lake kwa wino mzito, na moja imechorwa fuvu la kichwa. Rafu ya kati ni sufuria la maharage la vijana wawili wa chuo, yanayochemshwa Jumapili na kuliwa mpaka Ijumaa kwa kupunguzwa kijiko kijiko. Juu kwenye friza ni barafu zangu za ubuyu na ukwaju, biashara inayonilipia huo umeme wa ziada, pamoja na vibua vya shemeji yangu, ambaye haishi kwetu ila samaki wake wanaishi. Mlangoni kuna kikopo cha bibi wa chumba cha uani, insulini yake. Hicho hakigusi mtu. Karatasi ya dawa inataka nyuzi 2 mpaka 8, na ikiganda imeharibika, kwa hiyo haiwekwi huko ndani kabisa karibu na ukuta wa barafu. Nyumba nzima inagombania nafasi ya kila kitu isipokuwa ile ya kile kikopo. Sisi wenye friji tumebakiwa na droo ya mboga.

Masika yaliyopita friji likaacha kugandisha. Barafu za ubuyu zikawa juisi, juisi ikaanza kuchacha, na bibi wa uani akahamishia insulini yake kwenye chungu cha maji kwenye kivuli, kama nesi alivyomfundisha. Mafundi wa mtaa wakafanya ziara, wakatoa hukumu, na baba watoto akaleta fundi wa kweli. Nilimwona akikata kona na mtungi begani, nikajua jibu kabla hajavua viatu. Mtu akishabeba mtungi wa gesi juani kutoka kituo cha daladala, hawezi kukubali kwamba tatizo ni lingine. Aligusa ukuta wa friza, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Gesi imeisha." Akataja bei. Baba watoto alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni pale mpwa wangu, yuko kidato cha tatu na anakaa kwetu, alipouliza swali ambalo katika mtaa ule halijapata kuulizwa.

"Imeenda wapi?"

"Imeisha," fundi akajibu. "Kwa matumizi."

"Kwani friji linaiunguza?"

Fundi akamtazama kijana, akamtazama baba watoto, kisha akanitazama mimi kwa macho ya kuniuliza huyu mtoto analelewa na nani. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na haliwezi kurudishwa kinywani. Gesi ya friji hailiwi. Kompresa inaishindilia mpaka inapata moto. Inapita kwenye mabomba meusi ya mgongoni, inaacha joto lake huko na kugeuka kimiminika. Inapenyezwa kwenye kimrija chembamba mno, na ikitokea upande wa pili inapata nafasi, inachemka ingawa ni ya baridi, na kwa kuchemka huko inanyang'anya joto la maharage, la vibua na la chupa yenye fuvu. Kisha inarudi kwenye kompresa kuanza safari upya. Njia yote hiyo imefungwa kiwandani. Friji linaweza kuzeeka na gesi ile ile liliyozaliwa nayo. Ikipungua, pana tundu, na kujaza gesi bila kutafuta tundu ni kumlipa fundi ili arudi mwezi ujao. Yule bwana aliondoka na mtungi wake na nauli tuliyompa kwa aibu.

Fundi wa pili alikuwa mzee, na alikuja na brashi ya kupakia rangi, tochi na bisibisi. Hakuna zaidi. Mtaa ulimdharau papo hapo. Hakufungua hata mlango. Alisema tulivute friji kutoka ukutani.

Huko nyuma ndiko nyumba yetu ilikokuwa inaficha mambo yake. Kandambili ya mguu wa kushoto. Kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la nne. Vijiko nilivyokuwa nimewashuku navyo watu kimoyomoyo. Vumbi lililolewa mafuta ya kukaangia mpaka likawa linabanduka vipande vipande. Na juu ya mabomba ya mgongoni, zimeanikwa vizuri kwa kupangwa, soksi na mashati ya shule. Kamba hiyo ni uvumbuzi wa mama mkwe. Masika nguo hazikauki nje, na yeye aligundua kwamba nyuma ya friji pana joto la bure. Chini, jirani na kompresa, alikuwapo na mjusi, ambaye katika mji huu wa jasho bado alikuwa anatafuta moto wa kuota.

"Mama," fundi akaniambia, "friji halitengenezi baridi. Linatoa joto ndani linalitupa nje. Nyinyi mmelivalisha shati mgongoni, mmelibana ukutani, halafu mnashangaa linatoka jasho."

Akapiga brashi mabomba yote, akaagiza friji likae mbali na ukuta kadiri ya upana wa kiganja, na mjusi akahamishwa bila notisi. Kisha akafungua mlango na kuniomba noti. Nikampa ya elfu tano. Akaiweka kwenye ukingo, akafunga mlango ukaibana, akaivuta. Ilitoka bila ubishi. Kwenye kona ya chini haikungoja hata kuvutwa, ilidondoka yenyewe. Mpira wa mlango umelegea, akasema. Baridi inatoka, hewa ya mvuke inaingia, kompresa inazunguka bila kupumzika. Tukauosha kwa maji ya moto na sabuni, tukachokonoa kwenye mifereji yake ubuyu wa misimu kadhaa, ukalainika, ukarudi kwenye umbo, tukaupaka mafuta kidogo ya mgando. Akarudia kipimo. Safari hii noti iling'ang'ania kweli kweli, ikabidi aivute kwa nguvu. Akaikagua kwenye mwanga, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni na kuendelea na kazi. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama kipimo kimekwisha.

Yale maji ya sakafuni nayo hayakuwa na fumbo. Ukutani kwa nyuma, juu ya droo ya mboga, kuna kitundu ambacho wengi wetu tunakiona kila siku na kudhani ni kasoro ya kiwanda. Kazi yake ni kupokea matone ya barafu inayoyeyuka na kuyapeleka nje, kwenye kisahani kilichokaa juu ya kompresa, ambako joto linayakausha. Chetu kilikuwa kimezibwa na jani moja la mchicha. Mrija wa soda na maji ya uvuguvugu vikamaliza kazi. Lakini kile kisahani! Kwa muda mrefu nyumba yetu ilikuwa na harufu isiyo na mwenyewe. Wapangaji walishuku vibua vya shemeji, shemeji alishuku maharage ya wanachuo, wanachuo walishuku choo, na urafiki fulani ulivunjika. Kisahani kilipovutwa nje, watu walirudi nyuma hatua kadhaa kwa pamoja, na wanachuo wakamwomba shemeji radhi pale pale.

Jioni ile barafu ikaanza kushika. Gesi ilikuwamo siku zote. Nilipompasha habari mkaanga chipsi, alifikiri kidogo akasema labda ilikuwa imeisha, kisha ikajirudia.

Baada ya hapo tungeweza kuishi kwa amani, kama si kile kitufe cha kuzungusha, chenye namba 1 mpaka 7. Baba watoto anaamini 7 ni mwendo kasi: akitaka soda ipoe haraka anakisukuma mwisho. Mama mkwe anaamini kila namba ni pesa, kwa hiyo akipita anakirudisha 1. Wote wawili wanapita usiku. Kitufe hakiongezi kasi ya kupoza hata kidogo. Kinaliambia friji lisimame likifika baridi gani. Ukiweka 7, soda itapoa kwa mwendo ule ule, ila asubuhi mchicha utakuwa kioo na kompresa haijalala. Ukiweka 1 katika joto la Dar es Salaam, maziwa yataamka mtindi. Nimeweka kipimajoto kidogo cha shilingi chache ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kwa sababu ya bibi na insulini yake, na kinaposoma nyuzi 4 huwa nasimama mlangoni kwa mikono miwili kuzilinda. Namba iliyoniletea nyuzi 4 siitaji hapa. Wote wawili wanasoma.

Na umeme ukikatika? Hapo ndipo utajua tabia ya binadamu. Friji lililofungwa linaweza kutunza baridi yake kama saa 4, na friza iliyojaa, isipofunguliwa, hufika hata saa 48. Sharti ni moja tu, usifungue. Basi umeme ukienda, ndani ya dakika chache watu waliokuwa hawana haja na friji tangu asubuhi wanaanza kumiminika. Wa pasi anafungua kuona kama chupa zake bado baridi. Wanachuo wanafungua kunusa maharage. Shemeji anapiga simu kutoka Mbagala kuniomba nifungue niwaangalie vibua. Baba watoto anafungua kuhakikisha kwamba hao wengine wamefunga vizuri. Nilibandika karatasi: USIFUNGUE, UMEME HAKUNA. Ikawa kila anayepita anafungua aone kwa nini halifunguliwi.

Umeme ukirudi ni vurugu ya aina nyingine. Kompresa iliyozimika ghafla ina msukumo mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, na ikilazimishwa kuwaka kabla pande hizo hazijalingana itakwama, itatoa mlio wa "tik", itapata moto, itajizima, na ikifanyiwa hivyo mara nyingi itakufa. Ndiyo maana kuna kile kisanduku cha kulinda friji, kinachongoja dakika chache kipime umeme umetulia kabla ya kuupitisha. Kisanduku chetu kinawasha kitaa chekundu, kinangoja. Mama mkwe hawezi kungoja. Akiona taa za nyumba zimewaka na friji kimya, anakipiga kofi. Kofi la kwanza, la pili, anapumzika, la tatu, na kwa kuwa muda unapita, kinawaka. Kwa hiyo ameshathibitisha kisayansi kwamba kinatibika kwa kofi.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Lushoto, huko milimani ambako mwezi wa saba watu wanaota moto sebuleni, na kwake friji ni chombo cha watu waliokosea mahali pa kujenga. Hata hivyo ana sheria zake. Ya kwanza ni kwamba chakula cha moto hakiingizwi ndani. Ana haki yake: sufuria la uji linalofuka linapandisha joto la kila jirani yake humo ndani, na mvuke wake unakwenda kuganda kwenye friza. Siku moja alimkuta mpwa wangu anaingiza bakuli la maziwa ya moto na sukari, akampigia ukunga. Mpwa akajitetea kwa Mpemba.

"Mpemba gani?" mama mkwe akauliza. "Yule wa dukani?"

Si yule wa dukani. Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba, pale Magamba, wilaya hiyo hiyo ya Lushoto, alikuwa anatengeneza ashkrimu na wenzake shuleni. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo na wanafunzi wengi, yeye akaona akingoja atakosa, akayatia ya moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyatia bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akalibeba swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne; wanafunzi wakacheka, Osborne akaenda kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wanafizikia duniani wanalijadili kwa jina la Mpemba, wengine wakilithibitisha, wengine wakisema halipo kabisa. Mama mkwe alisikiliza hadithi yote mpaka mwisho. Akasema Magamba anaifahamu, kule maziwa yanaganda yenyewe dirishani, na bakuli litoke.

Mvuke ulikuwa umeshaingia kwa miezi, ama kwa bakuli hili au kwa milango ile ya kuchungulia. Friza ya friji la aina yetu haijiyeyushi yenyewe. Barafu inajenga ukuta ndani ya friza, na kadiri inavyonenepa ndivyo baridi inavyoshindwa kutoka. Ikifika unene wa kidole, linazimwa, vitu vinatolewa, mlango unaachwa wazi, bakuli la maji ya moto linawekwa ndani, mtu anangoja. Kungoja ndiko kulikotushinda katika nyumba ile. Shemeji alikuja Jumamosi moja mchana kuchukua vibua vyake, akavikuta vimegandia sakafu ya friza, na alikuwa na wageni. Nilimwambia, "Shemu, subiri nizime, nusu saa tu." Nikaenda kutafuta beseni. Nyuma yangu nikasikia kisu kinagonga barafu, ko, ko, ko, kisha mlio ambao mwenye friji akiusikia mara moja hausahau.

Psssssss.

Sakafu ya friza, chini ya barafu, ni bati jembamba la alumini, na ndani ya bati hilo ndimo gesi inamopita. Shemeji alisimama na kisu mkononi, kibua kimoja kimechomoka, anatazama tundu dogo linalopumua. Korido ikajaa. Dereva wa bodaboda, mama wa genge, kijana wa simu, na mzee wa bandarini, kofia kifuani. Mkaanga chipsi akapita katikati ya watu, akainama, akasikiliza mpaka mlio ukakoma, akainuka. Sijapata kumwona binadamu mwenye furaha ya namna ile.

"Si nilisema?"

Wakashangilia. Nilitafuta neno la kuwajibu nikakosa, maana kwa mara ya kwanza tangu tuhamie mtaa ule walikuwa sahihi.

Fundi mzee alikuja keshoye, sasa na vyombo vyake vyote. Amri yake ya kwanza ilikuwa madirisha yafunguliwe na jiko la mkaa litoke koridoni. Akatuonyesha karatasi iliyobandikwa nyuma ya friji: R600a, gramu 46. Ndiyo gesi yote iliyokuwamo. Yai moja la kuku linaizidi uzito. R600a ni isobutani, ndugu wa damu wa gesi ya mtungi wa jikoni, nayo inashika moto. Mama mkwe alimkatiza hapo. "Kwa hiyo humo ndani kuna gesi ya kupikia," akasema taratibu, akiunganisha mambo. "Sasa mbona chakula hakiivi?"

Yule fundi wa kwanza naye alikuwa amepata habari, akatokea na mtungi wake begani, akakuta mwenzake anapima kwa mizani. Mtungi ulikuwa wa R134a. Akasema gesi ni gesi. Mzee hakuinua hata uso: kompresa hii, mafuta yake na kile kimrija vimetengenezwa kwa ajili ya hii, kwa gramu hizi, na atakayetia nyingine ajue anaua. Akasafisha tundu, akaliziba kwa gundi maalumu ya chuma, akabadilisha kichujio, akajaribu kwa povu la sabuni kama panavuja, kisha akafunga pampu ya kuvuta hewa yote itoke. Pampu inachukua muda wake. Tukakaa mkekani na chai, fundi wa kwanza akiwemo, maana chai haina ushindani.

Hapo ndipo nilipopata faraja ndogo, kwamba matatizo ya gesi hayakuanzia Temeke. Friji za kwanza za majumbani zilitumia gesi za sumu, amonia na salfa dayoksaidi, na zikivuja watu walikufa vitandani. Albert Einstein, mwenyewe kabisa, alishirikiana na Leo Szilard kubuni friji lisilo na kitu kinachozunguka wala mahali pa kuvujia, wakapata hataza Marekani mwaka 1930. Halikufika dukani. Mmarekani Thomas Midgley na wenzake walikuwa wameshapata mwaka 1928 gesi isiyo na sumu wala isiyowaka. Kuionyesha, aliivuta kifuani mbele ya wanakemia, akaipuliza, ikazima mshumaa. Dunia ikampigia makofi, ikajaza friji zake gesi za jamii hiyo, na miaka mingi baadaye ikagundua kwamba zinatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa kuzikomesha ukatiwa saini Montreal mwaka 1987. Zilizochukua nafasi yake, R134a ikiwa mojawapo, zikaonekana zinapasha dunia joto. Mwaka 2016 nchi zikakutana hapo Kigali na kukubaliana kuzipunguza. Ndivyo tulivyofikia isobutani na kisu cha shemeji. Fundi wa kwanza aliutazama mtungi wake, akaufunika na fulana.

Gharama alilipa shemeji, kwa mafungu, na vibua vyake vikahamishiwa Mbagala mpaka fungu la mwisho.

Friji lilipokwisha tulia, mpwa wangu akaomba jambo moja: friza ikiwa tupu na safi namna ile, aijaribu ya Mpemba. Akachukua vikombe viwili vinavyofanana, akapima maji sawa, kimoja yamechemka, kimoja ya bombani, akaandika A na B kwa ule wino mzito wa mwenye chupa. Nyumba ikagawanyika. Wa pasi aliweka dau upande wa moto, wanachuo upande wa baridi, baba watoto akajitolea kuzungusha kitufe mpaka 7 kusaidia sayansi. Mlango ulifungwa kwa kitambaa cha kitenge, na kitenge kikafungwa fundo. Mpwa akakaa na daftari na saa, kila robo saa afungue mwenyewe aangalie. Akaenda kuswali. Aliporudi, fundo lilikuwa limefunguliwa, na mama mkwe amekaa kizingitini na kikombe tupu, anafuta midomo kwa upande wa kanga.

"Bibi!" kijana akapiga kelele. "Umekunywa kipi? Kile cha moto au kile cha baridi?"

"Cha baridi, mjukuu wangu," mama mkwe akasema. "Kwani humo kinatoka cha moto?"